Kwaya inakwaruza asubuhi, mchana inapata nafuu: filta ya FM na baridi ya Makete

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa redio ndogo ya jamii huku Makete. Miezi mitatu iliyopita tulianza kutumia antena moja na redio nyingine kwenye mnara, tukafungiwa filta ya kaviti tatu, yaani mikebe mitatu inayopitisha masafa yetu tu, mbele ya mtambo wetu wa kilowati 1. Tangu hapo kwaya inakwaruza, na herufi "s" inatoka kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mtangazaji wetu wa kiume mwenye sauti nzito hana shida yoyote. Asubuhi ni mbaya zaidi, ikifika saa sita mchana inapungua. Aliyefunga anasema filta inapitisha karibu asilimia 90 ya nguvu, kwa hiyo haiwezi kuharibu sauti, tununue mikisa mpya, ile meza ya studio ya kuchanganyia sauti. Je, filta inaweza kuharibu sauti ya FM huku nguvu inapita vizuri?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mikisa msinunue kwanza. Ndiyo, filta inaweza kuharibu sauti huku nguvu ikipita vizuri kabisa, na barua yako karibu imelijibu swali lenyewe. Umetaja mambo matatu ambayo mafundi wengi wangeyaacha: sauti nzito haidhuriki, sauti nyembamba inadhurika, na ubaya unafuata saa za baridi. Mikisa mbovu haijui kama nje kuna umande.

Tuanze na hiyo asilimia 90, maana ndiyo iliyompoteza mwenzako. Kwenye AM sauti inabebwa na ukubwa wa wimbi, kwa hiyo ukila nguvu umekula sauti. Kwenye FM ukubwa haubadiliki. Kama mko 98.0, wimbi linasukumwa juu hadi megahezi 98.075 na kuvutwa chini hadi 97.925 kwa kufuata sauti. Huko kuhama huku na huko vitabuni kunaitwa mchepuko. Najua vijana mnacheka, nami maana ya mtaani naijua. Lakini neno ndilo hilo, na mwisho wake kwa utangazaji ni kilohezi 75 kila upande. Redio ya msikilizaji ina sehemu inayokata mabadiliko yote ya ukubwa kabla ya kusoma sauti, ndiyo maana radi inayopiga Kitulo haisikiki kwenye FM kama inavyopasua AM. Filta ikipunguza nguvu kidogo upande mmoja, sehemu hiyo inasawazisha. Ujumbe wa FM umewekwa kwenye wakati: lini wimbi limekaza mwendo, lini limelegeza. Ukitaka kuuharibu, vuruga wakati.

Fikiria msafara wa harusi unaotoka Mikumi kuja Iringa. Magari yameachana dakika tano tano, bibi harusi yuko kwenye gari la pili, Fuso la masufuria na mapishi linafuata la tatu. Kama mlima wa Kitonga ulioko njiani unamchelewesha kila mmoja nusu saa ileile, ukumbini wataingia kwa mpangilio waliotoka nao, MC atajaza muda kwa utani. Lakini Noah inapanda kwa dakika ishirini, Fuso linapanda kwa saa nzima linanguruma gia ya kwanza, na lililokuwa la tano linaingia la tatu. Magari yote yamefika, asilimia mia, hakuna hata moja lililoangukia korongoni. Na watu wamekaa ukumbini wanaangaliana bila pilau. Mwenzako amehesabu magari yaliyofika. Wewe unasikiliza harusi.

Filta ya kaviti ni Kitonga. Kila masafa yanayopita humo yanacheleweshwa, na hayacheleweshwi sawa. Nimepiga hesabu ya filta ya kaviti tatu, ya mpangilio unaoitwa Butterworth, yenye upana wa kilohezi 400. Katikati kabisa inachelewesha wimbi kwa takriban mikrosekunde 1.6. Ukisogea kilohezi 75 kutoka katikati, inafika kama 1.7. Tofauti ni ndogo, na ni ileile kulia na kushoto. Sasa chukua filta hiyohiyo, uihamishe kilohezi 60 tu kutoka mahali pake. Mchepuko wako ukienda upande mmoja unakuta kuchelewa kwa 1.6, ukienda upande wa pili unakuta 2.1. Kipimo cha nguvu hakitakuonyesha kitu cha kukutisha. Lakini kila kwaya inapovuta wimbi huku na huku, upande mmoja unafika mapema na mwingine unachelewa, na umbo la sauti linapinda.

Linapinda kiasi gani? Kuna hesabu ya haraka ninayoitumia kwenye kipande cha karatasi. Chukua tofauti ya kuchelewa kati ya katikati na ukingo wa mchepuko, izidishe kwa masafa ya sauti, kisha kwa 3.14. Tofauti ikiwa mikrosekunde 1 nzima, sauti ya kilohezi 1 inaota mwangwi wa mara mbili ya masafa yake wenye ukubwa wa asilimia 0.3 tu. Sauti ya kilohezi 5, asilimia 1.6. Ya kilohezi 15, asilimia 4.7. Unaona kinachotokea: kuchelewa ni kulekule, filta ni ileile, ila sauti inayobadilika haraka ndiyo inayoumia. Mtangazaji wako mwenye sauti ya pipa anapita bila mkwaruzo. Soprano wa kwaya na herufi "s" wanalipa.

Tena "s" ina balaa la ziada. Kabla ya kurusha, mtambo unanyanyua sauti nyembamba makusudi, ili redio ya msikilizaji ikizishusha ishushe na vumi pamoja. Kwa kiwango cha mikrosekunde 50 tunachotumia huku kwetu, kilohezi 6, ambako "s" nyingi zinakaa, inanyanyuliwa mara mbili, na kilohezi 15 inakaribia mara tano. Kwa hiyo "s" inakwenda haraka, na inachepuka mbali kuliko ilivyotoka mdomoni. Ukiwa na mtu wa studio anayependa kusukuma sauti "iwe kubwa kuliko redio za mjini", unakuwa umeongeza kuni.

Kwa mono peke yake, masikio mengi yangevumilia. Filta niliyoihamisha kilohezi 60 inatoa asilimia 1 na kidogo kwenye kilohezi 15, na mwangwi wake unaangukia kilohezi 30 ambako sikio la mtu halifiki. Stereo ndiyo inayoumbua. Kwenye stereo, tofauti ya kushoto na kulia inapanda juu ya wimbi dogo la kilohezi 38, linaloongozwa na mlio wa kilohezi 19, na mzigo wote unafika kilohezi 53. Irudie ile hesabu ya karatasi kwa kilohezi 45 uone. Na humo vitu vinazaliana: kipande cha kilohezi 32 kikipigana na mlio wa 19, anatoka mtoto wa kilohezi 13, anayesikika na asiye na undugu wowote na noti ya kwaya. Huyo ndiye anayepuliza chai.

Hapa wengine wataniuliza: mbona filta ya kilohezi 400 ni pana ya kutosha? Kanuni ya Carson inasema upana unaohitajika ni mara mbili ya jumla ya mchepuko na masafa ya juu ya sauti. Mono ni 75 jumlisha 15, mara mbili, kilohezi 180. Stereo ni 75 jumlisha 53, mara mbili, 256. Kweli, 400 inazidi. Ila kanuni hiyo inakuambia mlango uwe na upana gani. Haikuambii kama ndani ya mlango sakafu imelala au imeinama. John Carson mwenyewe, mhandisi wa Marekani, ana kisa. Mwaka 1922 aliandika kwamba kuhamisha masafa hakupunguzi upana unaotumika, na kwamba njia hiyo inapotosha sauti bila faida ya kufidia. Mwaka 1933 Edwin Armstrong akapata hataza zake za FM kwa kufanya kinyume, kupanua badala ya kubana, na redio ikanyamaza kelele. Carson hakuacha hoja. Mwaka 1937 yeye na Thornton Fry walitoa hesabu za jinsi wimbi la masafa yanayohama linavyopita kwenye saketi, na ile kanuni yangu ya kipande cha karatasi ni mjukuu wa kazi hiyo.

Sasa baridi. Kaviti ni mkebe mkubwa wenye nguzo katikati, na masafa yake yanatokana na urefu wa nguzo: robo ya wimbi, ambayo kwa 98 ni sentimita 76 na kidogo. Alumini inarefuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa megahezi 98 hiyo ni kilohezi 2.25 kwa nyuzi. Shaba ni sehemu 17, sawa na kilohezi 1.7. Ninyi Makete mnazima usiku, chumba kinalala kwenye nyuzi 8 au chini ya hapo mwezi wa sita na wa saba. Asubuhi mnawasha, na ule mzigo wa asilimia 10 usiofika kwenye antena unabaki ndani ya mikebe: wati 100, kama balbu moja ya zamani iliyofungiwa ndani. Polepole mikebe inapata joto, hadi mchana iko nyuzi 35. Tofauti ni nyuzi 27. Kwa alumini tupu umehama kilohezi 60. Namba hiyo umeshaiona juu.

Ndiyo maana watengenezaji makini wanatumia nguzo ya Invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli usiojali sana joto, uliogunduliwa na Charles Édouard Guillaume mwaka 1896 na kumpatia Nobel ya fizikia mwaka 1920. Chungulia karatasi ya filta yenu. Kama haitaji Invar wala fidia ya joto, mmeuziwa kipimajoto chenye plagi za redio.

Lakini umesema mchana inapungua, hukusema inaisha. Kwangu hilo ni neno zito. Maana yake hata ikiwa ya moto filta haiko mahali pake. Baridi inakuja kuongezea tu. Nina hakika ilifungwa kwa kuangalia peke yake kipimo cha nguvu inayorudi, yaani ile ambayo filta inaikataa na kuirudisha kwenye mtambo, mshale ukalala, watu wakashuka mlimani kabla ya mvua. Siwalaumu, nami nimefanya hivyohivyo. Kuna kituo kimoja upande wa Tukuyu nilifunga filta saa kumi jioni, mvua imeshaanza, nikazungusha skrubu mpaka nguvu inayorudi ikawa karibu sifuri, nikafurahi. Wiki mbili nzima tulibadilisha maiki, nyaya, hadi tukamgombeza mama wa watu anayesoma taarifa kwamba anakaa karibu mno na maiki. Nilipopanda tena na kipimo cha maana, nguvu inayorudi ilikuwa ndogo kweli, lakini mchoro wa kuchelewa ulikuwa umelala upande kama paa lililong'olewa na upepo. Nguvu inayorudi ikiwa ndogo inakuambia mlango uko wazi hapo uliposimama. Haikuambii kama umesimama katikati ya mlango.

Kabla hujapanda kugusa skrubu, hakikisha si milima inayokuchezea. Wimbi likigonga mlima na kurudi, nalo linachelewa, na mkwaruzo wake unafanana sana na huu. Njia iliyozidi kilomita 10 ni kuchelewa kwa mikrosekunde 33, na huko kwenu milima haikosekani. Tofauti yake: mkwaruzo wa mlima unabadilika ukisogeza redio hatua moja au mbili, na kijiji hiki kinalalamika wakati cha pili hakina habari. Mkwaruzo wa filta unamfuata kila mtu kila mahali kwa saa ileile. Piga simu kwa wasikilizaji watatu wa pande tofauti saa moja asubuhi, halafu wapigie haohao saa saba mchana. Malalamiko ya madereva yaweke pembeni kwanza. Redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezwa kwa megahezi 76 hadi 90, na kale ka-ekspanda kanakowekwa ili zipokee stesheni zetu kana vurugu zake chenyewe.

Kisha mwombe mtu wa studio abadilishe kwenda mono kwa dakika tano, asubuhi, kwaya ikiwa hewani. Mkwaruzo ukiondoka karibu wote, kuchelewa ndiko kunakoshukiwa. Rudisha stereo, shusha mchepuko hadi nusu. Sauti itakuwa ndogo, lakini ikiwa safi zaidi, ushahidi umeongezeka, maana upindaji huu unapungua pamoja na mchepuko. Mikisa mbovu ingebaki na mkwaruzo wake. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la tundu la sampuli. Mtambo wenu una tundu dogo la kuchukulia sampuli ya wimbi kabla ya filta, na kwenye kombaina, kile kifaa kinachounganisha mitambo miwili kwenye antena moja, kuna jingine baada ya filta. Pata redio nzuri yenye upokeaji mpana, ishushie nguvu ipasavyo, sikiliza hapa, kisha sikiliza pale. Kabla ya filta safi, baada ya filta chai ya moto: kesi imekwisha, na aliyekuambia ununue mikisa atakuelewa bila hesabu.

Kupima filta yenyewe siku hizi si lazima kifaa cha bei ya nyumba. NanoVNA, kale kakipimo kanakoingia mfuko wa shati, kana mchoro wa kuchelewa ndani yake na megahezi 98 inaifika bila jasho. Ila nisikilize hapa kwa makini. Mnatumia antena moja na redio nyingine. Ukikaunganisha kwenye filta iliyo bado kwenye kombaina wakati wao wako hewani, nguvu yao itarudi kupitia kombaina na kukakaanga, pengine na vidole vyako. Ipime filta ikiwa imefunguliwa kabisa, plagi zote mbili mkononi mwako, mtambo wenu umezimwa na mwenzako wa redio ya pili anajua.

Weka mchoro kutoka kilohezi 150 chini ya masafa yenu hadi 150 juu. Usitafute mstari ulionyooka, hutaupata kwenye kaviti. Tafuta bakuli lililosimama wima: kingo zimenyanyuka sawasawa, na masafa yenu yako chini kabisa ya bakuli. Zungusha skrubu za kaviti robo robo ya mzunguko, ya kwanza na ya tatu pamoja, ya kati ukaimalizie. Ukiona bakuli limesimama na upotevu haujaongezeka, ni hapo. Na fanya kazi hiyo filta ikiwa ya moto, yaani zima mtambo baada ya saa tatu nne za kurusha, fungua, pima upesi kabla haijapoa. Hapo filta itakuwa sahihi kwa muda mwingi wa siku, na asubuhi itakosea kidogo badala ya kukosea sana. Ukitaka kulainisha asubuhi nayo, ziba ule uwazi chini ya mlango wa chumba, na feni ya kutolea joto iwekewe swichi ya kuangalia joto isianze kabla ya nyuzi 25. Nimeona vyumba vya mitambo milimani ambako feni inavuta ukungu saa kumi na mbili asubuhi kana kwamba tuko Dar es Salaam.

Usije ukashawishika kuitoa filta kabisa ili kwaya ipone. Mitambo miwili kwenye antena moja isipochujwa inaingiliana na kuzaa masafa ambayo hakuna aliyepewa leseni yake. Mmoja akiwa 101.3 na mwingine 105.2, mara mbili ya 105.2 ukitoa 101.3 unapata 109.1, na kuanzia 108 kwenda juu ni masafa ya ndege. Uwanja wa Songwe hauko mbali hivyo kwa wimbi linalotoka kilele cha mlima, na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, hawatakuuliza habari za soprano.

Kinachowezekana ni kupanua. Angalia mmeachana kiasi gani na hao wenzenu. Kama kati yenu kuna megahezi 2 au zaidi, huhitaji mlango wa kilohezi 400. Mtengenezaji anaweza kulegeza viunganishi vya kaviti upate 700 au 800, bakuli linakuwa pana na la kina kifupi, na kuhama kwa kilohezi 60 kunakuwa jambo dogo. Mkitenganishwa na megahezi 1 tu, hapo uchaguzi ni Invar, au kukubali saa za kwanza za asubuhi zirushwe mono. Wasikilizaji wa saa kumi na mbili na nusu wengi wana redio ya spika moja juu ya kabati. Hawatajua.

Ukishapima nitumie mchoro, wa filta ikiwa ya moto na wa ikiwa imelala usiku. Pembeni ya kila mmoja andika joto la mkebe wenyewe, si la chumba. Kipimajoto cha kliniki hakifai, kinaanzia nyuzi 35 na mikebe yenu asubuhi haijafika huko.